Mtutu Wenye Namba Yako

Nyumbani kwa Mama, chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Jana saa tisa alasiri fundi wa bunduki alisema kwamba mtutu uliomo kwenye bunduki yangu si wangu, ni wako. Nitalirudia hilo. Salamu kwanza, maana tulilelewa.

Hujambo? Shemeji hajambo? Mwanangu ameshaizoea shule mpya? Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne analisahau na kuanza kugombana na redio. Shemeji yako amepona kikohozi na amerudi kazini. Mimi natimiza miezi saba tangu nistaafu gazetini, na bado naamka alfajiri kama mtu mwenye habari ya kuwahisha.

Sasa habari yenyewe.

Jumamosi ya tarehe 26 Aprili kitako cha bunduki yangu kilipata ufa, basi Rula, yule mwalimu wa hesabu tunayepiga naye shabaha klabuni, akaniazima yake. Mita mia tisa, upepo unatoka kushoto, unakatika na kurudi. Risasi kumi. Kule kwenye handaki, wanakokaa wanaoinua na kushusha shabaha, mtu akauliza kwa simu ya upepo:

"Namba nne anapiga nani?"

"Mzee Gazeti."

"Acha utani, kaka. Nimeuliza nani."

"Gazeti mwenyewe, nakwambia. Kwa bunduki ya Rula."

"Basi mwambieni asiirudishe."

Tisa kati ya kumi ziliingia duara la katikati. Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nimefanya kazi ya kuuliza maswali miaka thelathini na miwili, na swali likishaniingia halitoki bila jibu.

Jana nikaipeleka yangu kwa fundi. Yule mzee unayemjua amepumzika kazi. Anafanya kazi binti yake, kwenye meza ile ile. Akaingiza ndani ya mtutu kijiti cha chuma chenye mistari ya kupimia. Kikazama kuliko inavyotakiwa.

"Mzee, huu umeliwa," akasema. "Tena zamani. Mita mia tatu utakudanganya kwamba uko sawa. Ukivuka mia sita, kila risasi inakwenda na akili zake."

Nikamwambia haiwezekani, Baba alinipa ule mzima. Akafungua kitako, akageuza mtutu na kusoma namba iliyopigwa kwa chini, mahali pasipoonekana mpaka mbao zitoke. Inaishia na 38. Bunduki yangu ni 41.

"Sasa 38 ni ya nani?"

Aliuliza huku akinyanyuka. Akatoa kitabu cha kazi cha baba yake. Tarehe 9 Machi, miaka kumi na mmoja iliyopita, siku tano kabla hujapanda ndege: "Bunduki mbili. Badilisha mitutu." Sahihi ni yako, na ule mkia wake ulioanza kuuchora darasa la saba. Wiki hiyo mimi nilikuwa mbali, naandika habari za mafuriko. Nilipopiga simu uliniambia umezipeleka zote mbili kusafishwa. Nilikushukuru.

Unakumbuka Baba alivyogawa. Bunduki mbili zilizonunuliwa siku moja. Moja ameipigia mashindano yote ya maisha yake, nyingine karibu haijaguswa. Alikuwa kitandani, lakini kauli yake ilikuwa imara. "Huyu ana mkono," alisema akikuonyesha wewe, "hata nikimpa hii iliyochoka atafika. Wewe chukua nzima, itakusaidia." Maneno yale yaliniuma, usidhani hayakuniuma. Nilipokea zawadi pamoja na tusi lake. Wewe ulichukua sifa, kisha ukarudi kuchukua na zawadi.

Usije ukafikiri nalilia chuma. Ungeniambia, "Kaka, nakwenda ugenini, nipe ule mzuri," ningeufungua mwenyewe. Kinachoniuma ni barua zako. Ninazo kumi na tisa. Mara zote hizo nilikuandikia kwamba mita mia tisa zinanishinda, na mara zote ulinijibu kwamba tatizo ni mimi: pumzi yangu, kidole changu, bega langu. Nilibadilisha namna ya kulala chini. Niliacha kahawa. Mwaka wa nne niliwaambia viongozi wampe Rula nafasi yangu kwenye timu, kwa sababu wewe uliandika kwamba nikubali kiwango changu na nipige kwa kujifurahisha.

Halafu likaja lile jarida la klabu yenu ulilomtumia Mama. Miwani yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nilimsomea mimi, kwa sauti. Ulisema vifaa si kitu. Ulisema kaka yako ana pacha wa bunduki hiyo hiyo na hajafika popote nayo, "kwa hiyo mnaona wenyewe, ni mkono." Mama akasema, "Mwenzio hakukusudia vibaya." Nikamwambia najua.

Ulinifanya ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa umeuchezea wewe.

Kuna nilichopata, sitakificha. Kwa kuwa mtutu haukunisaidia, nilijifunza upepo. Nausoma kwenye nyasi, kwenye vumbi, kwenye joto linavyotetema ndani ya darubini. Siku hizi Rula hafyatui mpaka nimwambie. Baba hakuuona mkono huo, na wewe hukuupanga, kwa hiyo usijipongeze.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Tarehe 2 Agosti unakuja kwenye mashindano yetu, na viongozi wameshabandika picha yako mlangoni. Njoo na bunduki yako, na tiketi usiibadilishe. Mitutu isirudishwe kwanza. Utalala chini pale namba nne na bunduki yangu kama ilivyo, mita mia tisa, risasi kumi, mbele ya watu wale wale. Ukimaliza nitalala mimi na yako. Upepo nitakusomea, kwa ukweli wote, risasi baada ya risasi, ili ukikosa usisingizie upepo. Kama ni mkono, utaonekana.

Msalimie sana shemeji. Mwanangu mwambie baba mkubwa amemwekea ile kalamu ya kazini. Shangazi anakusalimu, na Rula pia, ambaye hajui lolote. Mungu awafikishe salama, na akupe ujasiri wa kufungua kinywa mbele ya Mama kabla sijafungua mimi.

Ni mimi ndugu yako ambaye bado anakupenda, ingawa wiki hii hilo halijamsaidia,

Kaka.

Nimeongeza hapa chini: fundi ameshaandika kwenye kitabu chake, ukurasa mpya. "Ijumaa, tarehe 1 Agosti, saa tatu asubuhi. Bunduki mbili. Namba zisomwe mbele ya wenyewe wote wawili." Sahihi yangu nimeshaweka. Nafasi ya yako iko wazi.