Redio Iliyobisha Hodi Tinde

Kaka Masele,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako. Ya heshima sina. Mimi ni mzima. Mama naye mzima, ila magoti, na tangu Jumanne chakula anakisukuma pembeni. Sababu unaijua nusu. Nakuandikia uijue yote, huko mahabusu una nafasi ya kusoma.

Kwenye harusi ya Eunice pale Kambarage uliwaambia watu kwamba mdogo wako Limi ni mwanajeshi wa kuchaji simu. Walicheka, nami nikacheka. Kazi yangu kikosini ni mawasiliano. Zamani aliyeiba redio ya jeshi angeweza kutusikiliza mwaka mzima, mradi afunge mdomo. Siku hizi njia zote za mawasiliano yetu zinapangwa na programu moja, kwenye kompyuta ninayoisimamia mimi. Kila redio, hata iliyo kimya, hubisha hodi kwa programu hiyo, nayo ndiyo huamua nani asikie nini.

Wewe uliyenunua redio yetu ya wizi kwa mlinzi wa kambi ulifunga mdomo, ukadhani inatosha. Ilipobisha hodi, ramani ilinionyesha Tinde, kisha bati la nyumba ya mama. Nilimwarifu mkuu wangu, Afande Marwa. Akaniuliza kama namjua mwenye nyumba. Nikamjibu kuwa ndiye aliyenizaa.

Tulikwenda Jumanne. Mama alidhani nimekuja likizo, akaanza kukimbiza kuku. Nilipomuuliza kuhusu redio alishangaa. Alisema mbona ni yako, Limi; kaka yako alisema umeileta nikutunzie, na huja kuisikiliza ajue kama mdogo wake yu salama. Alisema hayo mbele ya Afande Marwa, akaitoa kwenye kihenge cha mahindi ikiwa imefungwa kanga.

Afande hakunitazama tena kama askari wake. Alisema mwizi wa ndani ndiye huwahi kutoa taarifa. Nikamwomba jambo moja: redio irudi kihengeni. Mama aliirudisha kwa mikono yake. Nilimtaka asikwambie, akakubali, na hapo ndipo alipoacha kula.

Alhamisi ulikuja. Alikupikia, akakutengea michembe, vile viazi vitamu vikavu unavyovipenda. Ukasikia redioni kwamba barabara ya Kahama haitakuwa na doria Ijumaa, ukapakia kaboni yako ya wizi, yale makaa ya mgodini yaliyonasa dhahabu, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye kizuizi.

Doria hawakuisikia habari hiyo. Hakuna aliyeisikia. Programu iliipa njia moja tu, ya kwenda kwenye redio yako. Aliyeisoma ni mimi, kwa sauti yangu hii hii. Ulikuwa unasikiliza ujue kama niko salama, kaka, na hukunitambua.

Mkeo Klara na watoto wamehamia kwa mama, wanakusalimu. Mama anauliza kama mahabusu wanaruhusiwa kuletewa michembe. Nimemwambia wanaruhusiwa. Kukuletea, sitakuja mimi.

Mdogo wako,
Limi