Nyanya Yako Amechapishwa Wapi?

Chuo cha Ualimu, karibu na Thika
Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa Nekesa,

Natumaini mko wazima, na kwamba kikohozi cha mtoto kimemwacha. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unachemka, kwa hiyo kama bado hujakama ng'ombe, mkame kwanza ndipo ukae usome.

Mwalimu wetu wa historia alituagiza kila mmoja afanye utafiti juu ya kazi moja ya kwao. Asiyefaulu hapati cheti. Nilichagua ufinyanzi wa nyanya yetu Kukhu. Sheria ni kwamba chini ya kila ukurasa uonyeshe habari umeitoa wapi: mwandishi, kitabu, ukurasa. Basi nilipoeleza kwamba udongo wa vyungu huchanganywa na vigae vilivyosagwa, niliandika chini: "Kukhu, mfinyanzi, nyumbani kwake. Vigae nilisaga mwenyewe utotoni."

Kazi ilirudi imekatwa kwa wino mwekundu. Nilimfuata mwalimu ofisini.

"Nyanya yako amechapishwa wapi?" akaniuliza, na karani wake akacheka.

Akanipa kitabu cha padri mmoja aliyewahi kupita kwetu. Humo imeandikwa kwamba wafinyanzi wa kwetu huchanganya udongo na maziwa ya ng'ombe mweusi. Na chini ya ukurasa: "Nimeambiwa na bibi kizee mmoja." Bibi kizee mmoja, Nekesa. Hata jina hakumuuliza, na huyo padri ndiye anayejua kuandika vizuri.

Unaikumbuka siku ile padri alipofika kwetu. Kukhu alimjibu padri kwa adabu, kisha akaingia ndani akacheka hadi akaketi. Mwanamume mzima haambiwi siri ya udongo. Akiuliza hupewa neno lolote aende nalo. Yeye akaenda nalo hadi kwa mchapishaji.

Nilimweleza mwalimu hayo yote. Akasema nilete maneno ya Kukhu mwenyewe, yenye alama ya kidole chake, kwamba alimdanganya mgeni. La sivyo niandike maziwa, nitaje kitabu na ukurasa. Amenipa mwezi mmoja. Nina hasira. Kukhu, anayeongoza maombi ya wanawake kanisani, akiri kwa kidole kwamba alimdanganya padri, ili mimi nipate cheti?

Jana nilikwenda Ruiru kwa Mjomba Wafula, pale shamba la mkonge. Askari walinikagua pasi ya kusafiria mara mbili njiani.

"Andika tu hiyo maziwa upate karatasi yako," Mjomba akasema. "Kwani chungu itakushitaki?"

Niliondoka chai ikiwa nusu. Niombee radhi kwake utakapomwandikia, maana mimi bado sijatulia.

Msalimie shemeji, umwambie jembe nimeliona dukani. Wasalimie watoto na jirani yetu mshona viatu. Lakini Kukhu usimpe salamu kwanza. Msomee yote haya, ndipo umuulize kama ataweka kidole. Mwambie najua nimevunja mwiko kwa kuandika vigae, na adhabu yake nitaipokea. Akikataa kuweka kidole, sitamlaumu. Nitaandika maziwa, nitapewa cheti, na mwaka ujao nitasimama mbele ya watoto wako niwafundishe maziwa, na atakayebisha nitamuuliza: "Kukhu amechapishwa wapi?"

Mimi mdogo wako,
Barasa