Kigari kinachorukaruka

Jumapili, baada ya isha

Bado kinaruka. Kila mara kigari changu cha rimoti kikipita tuta la kiwanja cha Carama, kinadunda kama mpira, kisha kinapinduka. Nimekaza springi, nimesafisha amotisere, vile vibomba vya mafuta vinavyoituliza. Wapi! Na mashindano ni Jumapili ijayo.

Nimerudi na hasira, nikakiweka kitandani kwa Papa. Tangu mkono wake wa kuume ulipopooza anakula kwa wa kushoto, akigeukia ukuta kwa haya. Zamani, alipokuwa fundi gerejini kule Rohero, alikuwa anakandamiza gari pembeni, anaachia, anafumba macho. Likirudi juu na kutulia, zima. Likichezacheza, amotisere zimekufa.

"Papa, kinaruka tu."

Akakikandamiza, akaachia, akafumba macho.

"Mafuta nyepesi sana, mwanangu. Tia nzito."

Nimetia mafuta mazito. Sasa nikikidondosha mezani kinatua taratibu, kama mtu anayeketi juu ya mswala. Nimekidondosha tena na tena, nikikitazama kinavyozama na kutulia, hata nikasahau mashindano. Nilihisi chumba kizima kinashuka nacho, polepole, kama usingizi.

Nikamsimulia Mama kwenye chai. Akaweka kikombe chini.

"Alikandamiza na mukono gani?"

Nilikuwa nimetazama kigari tu. Ikabidi nifumbe macho, kama yeye, ili niuone tena.

Wa kuume.