Ndama wa Kifaru Hufuata Nyuma

Kihurio, Same,
Tanganyika.
9 Septemba 1951

Mpendwa mpwa wangu Aminiel,

Shikamoo yako imefika huku Upare ikiwa bado ya moto, marahaba. Hujambo huko Arua? Kifua je, na hicho kitambi ninachosikia unakifuga? Mimi mzima. Meno mawili yamenihama, yaliyobaki yanagombana.

Sasa habari ya huyo kifaru wako mweupe. Uliandika kwamba si mweupe hata kidogo, ni wa kijivu kama wetu, ila ana mdomo mpana, anakula majani kama ng'ombe, mpole, na ndama wake humtangulia mama njiani. Nilicheka. Weupe wa namna hiyo hata mimi ninao.

Mdogo wako Eliufoo hakucheka. Baragumu lilipotuita kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji, alikuja na barua yako akawasomea watu kama mchungaji. Haukupita muda, kifaru jike akatoka porini, akavuka mfereji, akapita. Eliufoo akaingia kwenye njia ile ile kufuata jembe lake. Nikamwambia, "Ngoja, mtoto yuko nyuma." Akanijibu, "Mjomba, kaka ameandika mtoto hutangulia."

Huyu wetu mwenye mdomo uliochongoka, mla miba, mtoto wake hufuata. Ndama akatokea kichakani, akamkuta Eliufoo katikati, akalia. Mama akageuka. Pembe iliingia pajani ikatokea upande wa pili. Akamrusha juu, akamrudia chini kwa miguu. Mbwa wa jirani yetu Gideoni aliyemrukia alipasuliwa, matumbo yakabaki yananing'inia kwenye mgunga. Tulimpiga kifaru kwa majembe na mawe mpaka akavunja banio letu la kugawia maji, akaenda zake na mwanawe. Siku ile mpunga ulikunywa maji mekundu.

Eliufoo yu hai. Daktari wa misheni ameukata mguu juu ya goti. Alipozinduka aliulizia zamu yake ya maji, si mguu. Sheria yetu unaijua: nyumba isiyotoa mtu msaragambo haipati maji, na mpunga wake ndio kwanza unachanua. Jembe lake nimelishika mimi, lakini mgongo huu ni wa kuazima. Omba ruhusa kwa huyo Mzungu unayemfanyia kazi, uje.

Mama yako Zipora anakusalimu. Hali wala halali. Honorata, mke wa Eliufoo, naye anakusalimu, ila kwa sauti ndogo.

Mungu akufunike safarini. Ukishuka kwenye lori ukashika njia ya porini, ukaona kifaru amepita, usitazame alikoelekea. Kaa, umngoje wa nyuma.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ukiandika,
Hezroni