Majibu ya Bibi Niliyoyajaza Mwenyewe

Mohoro

Mke mwenzangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Mume wetu, babu yako, anakohoa kidogo tu, na mpunga umeanza kuchanua. Nyumba imepoa tangu urudi chuoni.

Umeniuliza kama kuna ubaya kujaza mwenyewe majibu ya wakulima wawili uliowakosa, ili makala yako iwahi kutoka kwenye jarida.

Nikiwa msichana nilimsaidia mtafiti mmoja kuwauliza wakulima mbegu wanazopanda. Bibi yangu mzaa mama sikumfuata. Alikuwa dunguni, kwenye kile kibanda chake cha miguu mirefu cha kulindia shamba, na maji yalikuwa yamejaa. Nikasema, huyu kanilea, namjua. Nikamjazia fomu kwamba anapanda mbegu moja tu. Makala ikachapishwa hivyo.

Maji yalipopungua akaja nyumbani. Akaniambia, "Nilisikia unawauliza wenzangu. Nikakungoja." Mimi nikacheka.

Alipofariki tulikwenda kushusha vitu vyake dunguni. Kwenye paa tukakuta kitambaa kimefungwa fundo, na ndani yake mpunga mwekundu wa punje nyembamba. Nimeupeleka kwa wakulima wa Ngorongo, nimeupeleka kwa wa Mbwara. Hakuna anayelijua jina lake.

Wafuate hao wawili, mama. Makala na ichelewe.

Makala ile ya kwetu ninayo bado, imekuwa rangi ya chai. Nikimkumbuka sana huifungua nimsikie bibi yangu, na kila mara ninayemkuta akisema humo ni mimi.

Bibi yako,
Mwanaidi