Mstari wa Mia na Ishirini na Nane

Somoe,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwa mama yako, hapa Mkunya, Newala. Nimepanda kutoka Masasi leo asubuhi. Huu ni mwezi wa tatu tangu malaria ikuchukue, na shule yako bado haijapata mwalimu wa kemia. Wanafunzi wako wameniamkia shikamoo kwa heshima nisiyostahili.

Nilikuja na hasira nawe. Ungenibana siku ile ya ukumbini, ningesema ukweli. Lakini huo ni uongo, na wewe uongo wangu ulikuwa unaujua.

Unaukumbuka mzizi wa nyuma ya nyumba hii, ambao mama huwachemshia watu wa tumbo? Tulipata fuwele nyeupe kutoka humo, tukazipima chuoni kwenye mashine ya NMR, ile inayoonyesha atomi zimepangwaje. Kila kaboni hujitokeza kwenye chati kwa mstari, ila zile zilizokaa mahali pa aina moja hutoka pamoja kwa mstari mmoja. Mimi nilikuwa nahangaika kuhesabu, ukanicheka: "Lukasi, usihesabu vichwa, hesabu nyumba."

Kwenye pete ya kaboni sita iliyomo ndani ya fuwele zile ulihesabu nyumba mbili tu. Maana yake vikundi viwili vya atomi vilivyoshikamana nayo vinafanana, na vimekaa vikitazamana. Msimamizi wetu alihesabu tatu, akasema vimekaa jirani. Mstari wake wa tatu ulikuwa mdogo, pale kwenye alama ya mia na ishirini na nane.

"Huo si wetu," ulisema ukumbini mbele ya watu wote, siku ya kuwasilisha kazi yako. "Huo ni wa kiyeyushi, kimiminika tulichoyeyushia fuwele. Ni benzini."

Msimamizi akafungua daftari la maabara. Limeandikwa klorofomu.

"Kama ni klorofomu, mbona kwenye sabini na saba, mahali pa mstari wake, hakuna kitu?"

Akasema unajifanya mjuaji, na ukumbi mzima ukacheka.

Somoe, sampuli ile niliiandaa mimi. Niliandika klorofomu kwa mazoea, kisha nikakuta chupa tupu, nikachukua benzini. Daftari sikulirekebisha. Nilikaa viti viwili tu kutoka kwako na nilijua kila kitu. Lakini yule bwana ndiye angesaini kazi yangu wiki ile. Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu chini ya kiti.

Kazi yako wakaikataa. Ukarudi Newala na jina la mbishi, ukafa nalo. Mimi wakanivisha joho. Picha yake iko ukutani nyumbani, na mke wangu anashangaa kwa nini siitazami. Najichukia, basi. Sijui niliseme vipi jambo hili kwa upole.

Leo mama yako ameniuliza, "Baba Neema, hivi mwanangu alikosea kweli?"

Nimemweleza yote, mpaka ile kalamu. Aliendelea kumenya muhogo mpaka ukaisha. Nikaanza kulia. Akasema, "Usinililie mimi. Mimi sikumcheka. Nenda kawaambie waliomcheka."

Jumatatu nakwenda chuoni. Nitaomba ukumbi ule ule na watu wale wale, wale watakaopatikana, na nitasema nilichukua chupa gani. Wakitaka shahada yao, waichukue.

Lala, rafiki yangu. Radhi sikuombi, maana huwezi kuninyima. Nakuahidi hili tu: nitaanza kwa kutaja jina lako, na safari hii sitainama.

Lukasi