Vyura wa Seven Hills na Uyoga wa Shangazi

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wazima, na mbuzi amezaa. Unasema mwalimu amekataa hesabu yako ya vyura wa kijito cha huko Seven Hills unakosoma, sasa unataka kuacha masomo. Kuacha ni upuuzi! Mwalimu ana haki: si ulihesabu pale walipolia tu?

Nikiwa msichana, shangazi yangu aliona kichuguu kimoja kimejaa uyoga, akawaalika wakwe zake: "Njooni, mwaka huu uyoga tele!" Tukazunguka kilima kizima, vichuguu vingine vitupu. Wakwe wakala maharage, wamenuna. Mwaka uliofuata alizunguka kwanza, ndipo akaalika.

Pole, mama. Futa machozi, urudi kijitoni. Pita hata palipo kimya, na usipomkuta chura, andika hivyo hivyo: hapa hakuna.

Bibi yako,
Kigoma